Waya wa digitali wa laki na themanini, mvumo uko palepale: nisaidieni (Mbeya)

Mwana_wa_Loleza | Jumanne, saa 3:10 usiku

Wakuu, heshima kwenu. Nipo Forest Mpya hapa Mbeya, mvua inanyesha tangu saa tisa alasiri, nimejifunika blanketi sebuleni nataka kusikiliza zilipendwa zangu, ila ninachosikia ni nnnnnnnnn.

Vyombo nilivyonavyo ni hivi. Amplifaya ya mtumba ya chaneli mbili, niliipata Tunduma, ina plagi ya pini tatu. Spika mbili za mbao za kusimama sakafuni. Deki ya CD ya zamani. TV ya bapa, king'amuzi cha dishi, na kale kaboksi ka DAC kanakopokea sauti ya digitali kakaigeuza iwe ya kuingia kwenye amplifaya. King'amuzi nimekiunga kwenye DAC kwa waya wa koaksiali, ule wa pini moja, tundu lake lina rangi ya chungwa.

Tangu nikiunge kuna mvumo kwenye spika. Haufuniki muziki, lakini wimbo ukiisha unausikia umekaa pale kama friji la jirani. Nilikuwa natumia waya wa elfu tano. Muuzaji mmoja wa Dar akaniambia kwenye simu kwamba huo waya ndio mchawi wangu, digitali inataka waya wa maana. Akanitumia kwa basi waya wa 180,000. Mnene kama mpira wa kumwagilia bustani, pini za dhahabu, umelazwa kwenye kiboksi cha velveti kama pete ya uchumba. Nimeuchomeka. Mvumo haujapungua hata chembe.

Mama watoto hajui bei, na tuache hivyo hivyo.

Sasa swali: koaksiali na ule waya wa mwanga, upi bora? Na ninunue wa aina gani? Imebaki 100,000, zaidi ya hapo sina.

Kihesa_Hifi | Jumanne, saa 3:41 usiku

Kamwene mkuu. Mimi nipo Iringa, mambo haya niko nayo miaka mingi. Kwanza waya wa 180,000 ni wa kuanzia tu, usidhani umefika. Pili, waya mpya lazima uzoee. Uache upige muziki mchana na usiku wiki nzima ndipo uuhukumu. Mimi wangu ni wa fedha tupu, nilipoubadilisha besi ilishuka chini na sauti ya mwimbaji ikapata joto. Koaksiali daima. Waya wa mwanga unakausha sauti.

Mtoto_wa_Mwanjelwa | Jumanne, saa 3:44 usiku

180,000 ya waya? Hiyo si mbolea ya kukuzia kabisa mzee 😂😂

FundiKabwe | Jumanne, saa 4:20 usiku

Mwana wa Loleza, usinunue kitu. Kesho ukitoka kazini fanya mambo matatu, halafu rudi hapa.

Kwanza, washa amplifaya, fungua sauti hadi usikie mvumo vizuri, kisha chomoa ule waya wa digitali kwenye DAC. Sikiliza.

Pili, urudishe. Nenda nyuma ya king'amuzi, fungua nati ya waya unaotoka kwenye dishi, uutoe kabisa. Sikiliza tena. Kama kuna radi usiguse, subiri iishe.

Tatu, zima king'amuzi kwa rimoti uone mvumo unafanyaje.

Uniambie pia nguzo ya dishi imesimama wapi.

Mwana_wa_Loleza | Jumatano, saa 1:55 usiku

Fundi umenitisha kidogo. Majibu haya hapa.

Nikichomoa waya wa digitali: kimya kabisa. Nikasema basi, Kihesa kashinda, tatizo ni waya.

Halafu nikarudisha, nikalala chali nyuma ya meza ya TV na tochi ya simu mdomoni, nikaanza kufungua ile nati ya dishi. Ilikuwa imekaza. Ikazunguka, ikazunguka, na ile kutoka tu kwenye uzi wa mwisho, mvumo ukakatika kama mtu amezima taa. Nikaigusisha nati kwenye tundu bila hata kuifunga, ukarudi. Nikaitoa, kimya. Nimekaa pale dakika tano nagusisha na kutoa kama mtoto aliyepata swichi, mpaka mama watoto akauliza natafuta nini.

Kuzima kwa rimoti hakubadilishi chochote.

Nguzo ni bomba la chuma, limechimbiwa ardhini nje ya dirisha.

FundiKabwe | Jumatano, saa 3:05 usiku

Sawasawa. Sasa nitaandika kirefu, mwenye usingizi alale.

Mvumo wako hauko ndani ya data. Sauti ya digitali ni namba. Kwenye CD, kila sekunde kuna vipimo 44,100 kwa kila upande, kila kipimo kina biti 16, yaani sifuri na moja kumi na sita. Zidisha kwa pande mbili unapata biti 1,411,200 kwa sekunde. Mvumo wa umeme wa 50 Hz hauwezi kujipenyeza katikati ya namba hizo ukakaa kama wimbo. Biti ikiharibika utasikia *ta!*, au sauti itakatika, au itanyamaza kabisa. Mvumo laini unaoendelea unatoka upande wa analogi, yaani pale namba zikishageuzwa kuwa umeme wa kwenda kwenye amplifaya.

Umefikaje huko? Waya wa dishi una wavu wa chuma wa nje. Wavu huo umegusa nguzo, nguzo imegusa ardhi ya bustani yako. Wavu ukaingia kwenye mwili wa king'amuzi. Kutoka hapo ukaendelea kwenye wavu wa waya wako wa koaksiali, ukaingia kwenye DAC, ukaendelea kwenye zile nyaya za pini nyekundu na nyeupe hadi kwenye amplifaya. Na amplifaya yako ina plagi ya pini tatu, kwa hiyo nayo ina ethi yake ukutani. Tayari una ethi mbili, moja ya bustani na moja ya soketi, na ethi hizo hazilingani hata siku moja. Umeme mdogo unatembea kutoka moja kwenda nyingine kupitia vyombo vyako. Ukipita kwenye nyaya za analogi baada ya DAC, amplifaya inauona kama muziki na kuukuza.

Ndiyo maana waya wa laki na themanini haukufua dafu. Wavu wake ni mnene na mzuri zaidi, kwa hiyo umeupa mvumo barabara ya lami.

Onyo. Kuna mafundi watakwambia ukate ule waya wa ethi kwenye plagi ya amplifaya. Mvumo utaisha kweli, ila siku transfoma ikivuja, bodi ya chuma ya amplifaya itakuwa na 230V na wewe ndiye utakayekuwa ethi. Usikubali.

Dawa yako ni waya wa mwanga. Toshiba waliutoa mwaka 1983, ndiyo maana unaitwa TOSLINK. Ndani yake hakuna shaba, ni uzi wa plastiki wa unene wa milimita 1, na upande mmoja kuna kitaa chekundu kinachowaka na kuzima mara mamilioni kwa sekunde. Umeme hauna pa kupita.

Angalia kama king'amuzi chako kina tundu la mwanga. Kama hakina, TV yako huenda inalo, ni kitundu cha mraba chenye kimlango.

Kihesa_Hifi | Jumatano, saa 3:30 usiku

Fundi nakuheshimu, lakini "biti ni biti" tumeisikia sana. Kuna kitu kinaitwa jita. Namba zinaweza kufika zote salama lakini zisifike kwa wakati wake. Waya mbovu unachelewesha hili na kuwahisha lile, DAC inacheza muziki kwa saa iliyoyumba. Masikio yanasikia hata kama kipimo hakioni.

FundiKabwe | Jumatano, saa 3:52 usiku

Jita ipo, hapo hatubishani. Kwenye S/PDIF, yaani mfumo huu wa Sony na Philips wa kupitisha sauti ya digitali, saa inasafiri ndani ya mawimbi yaleyale ya data, kwa hiyo kingo za mawimbi zikilegea saa nayo inayumba kidogo. Vigeuzi vya zamani vilisumbuliwa na hilo. DAC nyingi za siku hizi zina sakiti ya kuisafisha saa kabla ya kugeuza, tena hata zile za bei ndogo. Anayeogopa jita anunue DAC nzuri, maana kazi ya kuiondoa ni ya DAC.

Kuhusu koaksiali, inachotaka ni kitu kimoja: omu 75 (ukinzani wa waya kwa mawimbi) kutoka mwanzo hadi mwisho. Wimbi likikutana na omu tofauti njiani, sehemu yake inarudi nyuma kama mwangwi wa Loleza. Ukiwa na mita 1 au 2 mwangwi huo ni mdogo wa kupuuzwa. Na waya wa omu 75 unajulikana na kila mtu hapa: waya wa dishi, RG-6. Waya huo unaleta mawimbi ya dishi ya hadi 2,150 MHz kutoka juu ya bati hadi kwenye king'amuzi, mita 20, bila kulalamika. S/PDIF ya CD inahitaji MHz chache tu. Unataka ufanye nini zaidi?

Hata ule waya wa AV wa njano, wa picha, ni wa omu 75. Ukikosa kila kitu, chomoa wa njano.

Mtoto_wa_Mwanjelwa | Jumatano, saa 3:58 usiku

Wa njano?? Ule unaokuja bure na deki? Ninao kama sita kwenye droo

Mama_Rungwe | Alhamisi, saa 12:40 asubuhi

Mwagonile nyote. Mimi narekodi kwaya huku Tukuyu, nimeusoma uzi wote asubuhi hii nikisubiri chai ichemke.

Fundi, tatizo langu ni la USB. Kaboksi kangu ka kurekodia kapo madhabahuni, kompyuta ipo nyuma kwa sababu wanakwaya wakiiona wanaanza kuangalia skrini. Nikanunua waya wa USB wa mita 10. Unarekodi vizuri dakika mbili, tatu, halafu *tik*. Kisha *tik tik*. Sopranoni wanalia kwa hisia na mimi nalia na hiyo tik. Waya mfupi uliokuja nacho kwenye kiboksi chake hausumbui. Niutafute wa bei kubwa?

FundiKabwe | Alhamisi, saa 1:30 asubuhi

Mama shikamoo. Hapana, hata wa milioni. USB 2.0 mwisho wake mita 5 kwa waya mmoja. Halafu sauti kwenye USB hairudiwi. Faili ukilinakili, pakiti ikiharibika kompyuta inaiomba tena, lakini sauti inayoingia moja kwa moja haisubiri mtu, pakiti ikiharibika imekwenda. Hiyo ndiyo tik yako.

Sogeza kompyuta, uiweke pembeni ya madhabahu nyuma ya pazia, utumie waya mfupi. Nyaya za maikrofoni zenye pini tatu ndizo ziwe ndefu. Hizo mita 20 au 30 hazina shida.

Mama_Rungwe | Alhamisi, saa 1:48 asubuhi

Marahaba baba. Pazia lipo. Ndaga fijo.

Na kuhusu hilo la dishi nina neno. Mwaka juzi mwezi wa Machi radi ilipiga mparachichi nyuma ya nyumba, mnajua mvua ya huku ilivyo. King'amuzi kilikufa, tundu la HDMI la TV likafa, na redio niliyokuwa nimeiunga kwenye TV kwa waya wa pini ikafa. Vyote vitatu vilikuwa vimezimwa kwa rimoti. Fundi aliyekuja alinionyesha ndani ya king'amuzi, pale waya wa dishi unapoingia, pamekuwa peusi kama sufuria ya kuni.

FundiKabwe | Alhamisi, saa 1:55 asubuhi

Pole sana mama. Ndiyo njia ileile niliyomchorea Mwana wa Loleza, ila safari hii imepita radi badala ya mvumo. Waya wa mwanga ungeikata njia hiyo kati ya TV na redio. Umeme wa ukutani ni njia nyingine, kwa hiyo ngurumo ikianza chomoa plagi, na waya wa dishi pia kama kuna muda. Rimoti haitenganishi chochote.

Mwana_wa_Loleza | Ijumaa, saa 2:30 usiku

Leo nimepita Kabwe, nikazunguka hadi Mwanjelwa. King'amuzi changu hakina tundu la mwanga, ila TV inalo, fundi ulisema kweli. Nimepata waya wa mwanga wa mita 1.5 kwa 8,000. Kulikuwa na mwingine wa 35,000 wenye pini za dhahabu, kijana wa dukani akasema ndio "orijino".

Nimefika nyumbani, king'amuzi kikaingia TV kwa HDMI, TV ikaingia DAC kwa waya wa mwanga. Matokeo: KIMYA. Hakuna mvumo, hakuna muziki, hakuna chochote. Nimegeuza, nimechomoa, nimechomeka. Je, niliuziwa waya mfu?

NjombeBaridi | Ijumaa, saa 2:37 usiku

Dhahabu kwenye waya wa mwanga 😂 inapitisha nini sasa, mwanga wa dhahabu?

FundiKabwe | Ijumaa, saa 2:50 usiku

NjombeBaridi umesema. Hata kwenye pini za kawaida dhahabu imewekwa kwa sababu haishiki kutu. Kwa kupitisha umeme, shaba inaishinda na fedha inazishinda zote.

Mwana wa Loleza, chomoa upande wa DAC, uache wa TV umechomekwa, TV ikiwa imewashwa. Geuzia ncha kwenye kiganja. Unaona nukta nyekundu?

Mwana_wa_Loleza | Ijumaa, saa 2:58 usiku

Naiona, ila hafifu sana, kama moto wa sigara kwa mbali.

NjombeBaridi | Ijumaa, saa 3:01 usiku

Toa kifuniko mkuu. Kile kiplastiki kisicho na rangi kwenye ncha. Nilikaa wiki nzima bila sauti kwa sababu yake, na nilishamtukana muuzaji.

Mwana_wa_Loleza | Ijumaa, saa 3:09 usiku

...

Vilikuwa viwili. Kila ncha na chake.

Sasa nukta inang'aa kweli. Lakini kwenye DAC bado muziki hakuna, kinatoka kitu kama redio isiyokamata stesheni: shshshsh.

FundiKabwe | Ijumaa, saa 3:15 usiku

Sasa tumefika. TV yako inatoa Dolby. Tundu lilelile la mwanga linaweza kupitisha sauti ya kawaida ya pande mbili, inayoitwa PCM, au ile iliyobanwa ya spika sita. DAC yako inajua PCM peke yake, ikipewa Dolby inaisoma kama takataka. Ingia kwenye mpangilio wa sauti wa TV, tafuta sehemu ya sauti ya digitali inayotoka, itakuwa imeandikwa Auto au Bitstream. Weka PCM.

Nimekuta TV za watu zimekaa miezi hivyo na nyaya tatu zimetupwa jalalani.

Mwana_wa_Loleza | Ijumaa, saa 3:31 usiku

Inaimba!!! Fundi Mungu akubariki. Gitaa la pili, lile la pembeni, nalisikia limekaa kulia kabisa.

Lakini. Wimbo umeisha, nimeweka sikio kwenye spika. Mvumo upo. Mdogo kuliko mwanzo, ila upo. Si ulisema umeme hauna pa kupita?

Kihesa_Hifi | Ijumaa, saa 3:40 usiku

Nilisema mimi.

FundiKabwe | Ijumaa, saa 3:42 usiku

Kupitia kwenye plastiki hauwezi. Piga picha ya nyuma ya vyombo vyote, uiweke hapa.

Mwana_wa_Loleza | Ijumaa, saa 3:55 usiku

[picha]

Samahani kwa vumbi.

FundiKabwe | Ijumaa, saa 4:06 usiku

Hiyo DAC inapata wapi umeme? Naona kiwaya cheusi kinatoka kwenye DAC kinaenda kwenye tundu la USB la TV.

Mwana_wa_Loleza | Ijumaa, saa 4:08 usiku

Ndiyo, leo niliona niokoe chaja, TV ikiwaka nayo iwake.

FundiKabwe | Ijumaa, saa 4:12 usiku

Basi umefunga mlango wa mbele ukaacha wa uani wazi. Dishi limegusa king'amuzi, king'amuzi kimegusa TV kwa HDMI, TV imegusa DAC kwa hiko kiwaya. Toa. Tumia chaja ya simu ya pini mbili, kwenye soketi yake.

Mwana_wa_Loleza | Ijumaa, saa 4:21 usiku

Wakuu.

Nimefungua sauti ya amplifaya hadi mwisho bila muziki. Nasikia mvua kwenye bati. Nasikia saa ya ukutani jikoni.

Nalala.

Kihesa_Hifi | Jumamosi, saa 3:00 asubuhi

Mvumo nakubali, hilo la ethi nimejifunza. Lakini mvumo ni kitu kimoja na ubora wa sauti ni kingine. Mwana wa Loleza, deki yako ya CD bado ina koaksiali, na una waya wa 180,000 mkononi. Uunge, halafu weka wa njano wa bure, utuambie kwa ukweli wa moyo kama huoni tofauti.

FundiKabwe | Jumamosi, saa 3:20 asubuhi

Wazo zuri, lakini asijue upi umeungwa. Ukijua bei, masikio yanasikia bei. Mwenye kubadilisha awe mtu mwingine, arushe shilingi kila mara, aandike kwenye karatasi. Sauti isiguswe. Angalau mara 20.

Mwana_wa_Loleza | Jumamosi, saa 12:15 jioni

Tumefanya. Kijana wangu wa darasa la sita alikuwa nyuma ya meza na sarafu na daftari la hesabu. Jirani yangu mwenye masikio makali, anapiga kinanda kanisani, alikaa nami kwenye kochi. Sote tumegeuzia mgongo vyombo, kila mtu anaandika jibu lake kimya kimya. CD moja, wimbo mmoja, dakika ya kwanza tu, mara 20.

Mara ya tatu nilikuwa na uhakika kabisa. Besi imejaa, sauti ina joto, nikamwonyesha jirani kidole gumba. Ilikuwa ya njano.

Mimi nimepata 11 kati ya 20. Jirani 9. Ni kama tungebahatisha tu. Kijana anasema yeye angepata zote 20, akatoza 2,000 ya kazi.

Ila kitu kimoja niliseme, maana Kihesa ni muungwana. Pini za waya wa 180,000 zinakaza vizuri kwenye tundu. Wa njano mara mbili ulilegea kijana alipouvuta, sauti ikakatika ghafla, *ta!*, kisha kimya, kama fundi alivyosema. Haikupungua besi wala joto, ilikatika tu.

Kihesa_Hifi | Jumamosi, saa 1:05 usiku

11 kati ya 20. Sawa mkuu. Wimbo wenu mmoja haunitoshi, nami nitafanya hapa kwangu na shemeji yangu, nitaleta majibu. Wangu wa fedha siutoi lakini, nimeuzoea.

FundiKabwe | Jumamosi, saa 1:12 usiku

Usiutoe, hauna kosa. Waya mzima ni mzima. Ukitaka majibu safi, mwambie shemeji asikohoe akichomeka wa fedha.

MzeeMakambako | Jumapili, saa 4:30 asubuhi

Vijana hamjambo. Nimewasoma toka mwanzo. Nina rola nzima ya waya mweusi uliobaki kwenye antena ya redio ya upepo ya kampuni tuliyofanya kazi zamani. Umeandikwa RG-58. Nataka kujitengenezea koaksiali mbili za deki zangu. Unafaa?

FundiKabwe | Jumapili, saa 5:02 asubuhi

Shikamoo mzee. RG-58 ni omu 50, ni wa redio za mawasiliano. Kwa nusu mita utaimba tu, lakini ukitengeneza kwa mkono wako, tengeneza sahihi. Nunua RG-6 mita 3, usome ubavuni paandikwe 75.

Tahadhari mbili kabla hujawasha pasi ya kulehemu. RG-6 nyingi za madukani wavu wake ni wa aluminiamu, na risasi haishiki aluminiamu, utahangaika mpaka jioni. Pia kile cheupe cha ndani ni povu, joto likizidi linayeyuka na waya wa katikati unahama. Kwa hiyo usilehemu. Funga zile nati za dishi za kuzungusha pande zote mbili, halafu weka viunganishi vya kugeuza nati kuwa pini ya RCA, ile pini moja ya kuchomeka kwenye deki. Mafundi wa madishi wanavyo. Angalia usiache hata unywele mmoja wa wavu unagusa waya wa katikati. Ukigusa, kimya.

MzeeMakambako | Jumapili, saa 5:10 asubuhi

Marahaba. Aluminiamu ndiyo iliyonitesa mwaka jana, nikadhani risasi ni feki.

NjombeBaridi | Jumapili, saa 8:45 mchana

Wakuu, amplifaya yangu mpya ina HDMI iliyoandikwa ARC. Bado nahitaji waya wa mwanga?

FundiKabwe | Jumapili, saa 9:00 alasiri

Huhitaji, mradi TV nayo iwe na ARC. Sauti inarudi kutoka TV kwa waya uleule wa HDMI, na rimoti ya TV itapandisha sauti ya amplifaya. Ila HDMI ni ya shaba, kwa hiyo ukianza kusikia mvumo unajua pa kuanzia: nati ya dishi. Na uking'ang'ania mwanga, usiukunje kona kali nyuma ya kabati, wala usizidishe mita 5. Panya nao wanaupenda sijui kwa nini.

Mtoto_wa_Mwanjelwa | Jumapili, saa 1:30 usiku

Mwana wa Loleza, unauza ule wa 180,000? Nakupa 15,000 na waya mbili za njano juu

Mwana_wa_Loleza | Jumapili, saa 2:05 usiku

Siuzi mdogo wangu, umekaa kwenye deki ya CD na unakaza vizuri. Kiboksi cha velveti ndicho kimeondoka. Mama watoto ameweka hereni zake humo, akauliza kilikuja na nini, nikamwambia ni cha waya wa deki. Akasema siku hizi hata nyaya zinatunzwa vizuri. Nikaitikia.